Nani Anayetusikiliza? Tahakiki ya Redio Sauti ya Injili ya Addis Ababa na Somo Lake kwa Redio za Kanisa

1. Utangulizi

Kila kanisa linalofungua kituo cha redio hupitia siku mbili. Siku ya kwanza ina tarehe, nayo huandikwa katika kumbukumbu za halmashauri: kwaya zinaimba, askofu anakata utepe, mtambo unawekwa wakfu, na wageni wanakula pilau. Siku ya pili haina tarehe. Ni ile siku ambayo mtangazaji, akiwa peke yake studioni mbele ya kipaza sauti, anajiuliza kimoyomoyo kama kuna mtu yeyote upande wa pili anayemsikia. Makala hii inahusu siku hiyo ya pili.

Sisi wa mapokeo ya Kilutheri tumezoea kusema kwamba imani huja kwa kusikia, kama Mtume Paulo anavyofundisha katika Warumi 10. Kwa sababu hiyo tumeipokea redio kama chombo kilichotengenezwa kwa ajili yetu hasa. Lakini tumekuwa wepesi kudhani kwamba kusema na kusikika ni jambo moja. La hasha. Mtu aweza kusema mwaka mzima kwa nguvu za kilowati nyingi bila kusikika hata katika nyumba ya jirani yake.

Ili tulitazame suala hili bila kumwonea mtu, nimechagua kituo ambacho hakipo tena, nacho ni Redio Sauti ya Injili ya Addis Ababa. Kituo hicho kilianzishwa na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, kikafunguliwa na Mfalme Haile Selassie tarehe 26 Februari 1963, na kikatwaliwa na serikali ya kijeshi ya Ethiopia tarehe 12 Machi 1977. Miaka hiyo 14 imekwisha kufungwa kama kitabu, nasi twaweza kuisoma kama tunavyosoma maandishi yoyote: kwa heshima, lakini kwa macho yaliyo wazi. Wala si kitabu cha wengine. Mwaka 1963 ndio mwaka ambao makanisa ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa kanisa moja, na vipindi vya Kiswahili vilivyorushwa kutoka Addis Ababa vilitengenezwa na watu wetu wenyewe katika studio ya Moshi.

2. Anga iliyokwisha kujaa

Kosa la kwanza la anayeanzisha redio ni kufikiri kwamba anaingia mahali pa ukimya. Addis Ababa haikuingia mahali pa ukimya. Mwaka 1963 msikilizaji wa Kiswahili alikuwa na wageni wengi mlangoni. Idhaa ya Cairo ilianza kumsemesha kwa lugha yake mwaka 1954. London ilimfuata mwaka 1957 kwa idhaa ya Kiswahili ya BBC. Peking ilianza mwaka 1961, na Sauti ya Amerika mwaka 1962. Mwaka ule ule wa 1963 Ujerumani nayo ilianza matangazo ya Kiswahili ya Deutsche Welle. Juu ya hao wote ilikuwapo redio ya nyumbani, Dar es Salaam, yenye kutoa habari za nchi, vifo na nyimbo za dansi.

Basi msikilizaji hakuwa akiingoja Sauti ya Injili. Alikuwa akivutwa mkono na dola kubwa za dunia, kila moja ikitaka sikio lake kwa sababu zake. Jambo hili lina uzito wa kitheolojia. Kanisa lilipopanda hewani halikupanda mimbara, liliingia sokoni. Katika mimbara mhubiri hukuta watu wamekwisha kuketi, na adabu huwazuia kuondoka. Katika redio mtu haoni haya kuondoka. Anazungusha kitufe, na mhubiri hana habari.

Kulikuwa pia na ugumu wa chombo chenyewe. Addis Ababa ilikuwa na mitambo miwili ya masafa mafupi, kila mmoja wa kilowati 100. Masafa mafupi husafiri mbali kwa kugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini, na tabaka hilo hubadilika kati ya mchana na usiku, kati ya msimu na msimu, na kwa kadiri ya madoa ya jua. Miaka ya 1963 na 1964 jua lilikuwa katika kipindi chake cha utulivu, wakati ambapo masafa ya juu hudhoofika na watangazaji wote hulazimika kusongamana katika masafa ya chini. Maana yake kwa mtu wa Usambara au Kagera ni rahisi kueleza: sauti inakuja na kupotea, jirani yake katika masafa anamfunika, na stesheni uliyoipata mwezi uliopita haipo tena pale ulipoiacha. Msikilizaji aliyenunua mawe ya redio kwa fedha ya kahawa hawezi kulaumiwa akirudi Dar es Salaam, ambako sauti haikimbii.

Kwa hiyo, kabla hata ya kuuliza kama ujumbe ulikuwa mzuri, kituo kile kilidaiwa mambo mawili ambayo hayaonekani kuwa ya kiroho: kupatikana mahali pale pale kila siku, na kuwa na sababu ya kutafutwa. Haya mawili si vitu vya mafundi peke yao. Uaminifu wa Mungu tunaouhubiri unavunjiwa heshima na kipindi kilichotangazwa kuwa saa moja jioni, kikaanza saa moja na robo, na juma lililofuata kisiwepo.

3. Kanuni ya thelathini na sabini

Jibu la Addis Ababa kwa swali la sababu ya kutafutwa linajulikana kwa hesabu yake. Asilimia 30 ya muda wa matangazo ilitengwa kwa kuhubiri Injili waziwazi, na asilimia 70 kwa habari, elimu, afya, kilimo, utamaduni na muziki. Kwa redio ya kanisa iliyojengwa kwa sadaka za watu waliotaka Injili ihubiriwe, kanuni hii ilikuwa ya ujasiri. Katika miaka ile zilikuwapo redio nyingine za kimisioni zilizotoa sehemu kubwa zaidi ya muda wao kwa mahubiri na nyimbo za dini.

Ubora wa kanuni hii uko katika jinsi ilivyomtazama msikilizaji. Haikumwona kama roho isiyo na mwili. Ilimwona mkulima anayetaka kujua habari za mazao, mama ambaye mtoto wake anaharisha, kijana anayetaka kujua yaliyotokea Kongo jana. Katika jambo hili Addis Ababa ilikuwa ya Kilutheri kuliko wengi walivyodhani. Tukifungua Katekisimo Ndogo, tunakuta Luther akieleza ombi la riziki ya kila siku kwa namna inayoingiza ndani yake chakula na mavazi, nyumba na shamba, serikali njema, hali ya hewa, afya na hata majirani wema. Kama mambo hayo yanastahili kuombewa katika Sala ya Bwana, yanastahili pia kutangazwa na redio ya Kanisa. Aidha, kutoa habari za kweli katika anga iliyojaa propaganda kulikuwa utii wa amri ya nane, inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Taarifa ya habari ya Addis Ababa ilijipatia heshima kwa sababu hiyo, na wengi walioifungulia redio hiyo kwa ajili ya habari walibaki kwa ajili ya mengine.

Hata hivyo hatuna budi kuikosoa. Udhaifu wake uko katika alama ile inayotenganisha 30 na 70. Ukisema kwamba sehemu hii ni Injili na sehemu ile ni maendeleo, umekwisha kukubali kwamba mtu hukatwa vipande viwili. Kipindi cha afya kinageuka kuwa chambo, na mahubiri yanageuka kuwa ndoana. Samaki si wajinga. Msikilizaji anayetambua kwamba somo la maji safi limewekwa ili amngojee mhubiri atalipokea somo na kumkimbia mhubiri, naye atakuwa na haki.

Inashangaza kwamba ukosoaji mzito kuliko wote wa fikra hii ulitoka katika mji ule ule wa Addis Ababa. Mwaka 1972 viongozi wa Kanisa la Kiinjili la Ethiopia Mekane Yesus, ambalo Gudina Tumsa alikuwa katibu mkuu wake, waliwaandikia wafadhili wao kupitia Fungamano la Kilutheri kuhusu uhusiano wa kuhubiri Injili na maendeleo ya binadamu. Barua ile haikuhusu redio. Ilihusu wafadhili waliokuwa tayari kutoa fedha nyingi kwa miradi na kidogo kwa uinjilisti. Lakini hoja yake inaigusa kanuni ya redio moja kwa moja: binadamu ni mmoja, na wokovu unamhusu akiwa mzima, anayegawa huduma hizi mbili, awe anapendelea upande wowote, anamgawa mtu aliyeumbwa na Mungu.

Hukumu yangu basi ni hii. Kanuni ya 30 na 70 ilikuwa ratiba nzuri, lakini ilikuwa theolojia pungufu. Ilizuia kanisa lisijaze hewa kwa mahubiri, na kwa hilo tuishukuru. Haikutufundisha jinsi ya kuzungumza juu ya maji safi kama watu waliobatizwa, wala jinsi ya kuhubiri kama watu wanaojua bei ya mahindi.

4. Studio ya Moshi na kinywa cha mama

Jambo la pili lililo bora katika kituo kile ni kwamba vipindi vingi havikutengenezwa Addis Ababa. Vilitengenezwa katika studio za makanisa mbalimbali: Moshi kwa Kiswahili, Ngaoundéré nchini Kamerun kwa Kifulani, na nyingine huko Madagaska na Asia. Kanda zilirekodiwa huko, zikasafirishwa hadi Ethiopia, kisha zikarushwa kurudi zilikotoka. Mtu asiyejua angeona ni safari ya kichekesho: sauti inatoka Kilimanjaro, inapanda ndege hadi Addis Ababa, halafu inarudi Kilimanjaro kwa njia ya anga. Lakini ndani ya kichekesho hicho kulikuwa na hekima. Anayesema awe mtu wa lugha, aliyelelewa na methali zake na anayejua mahali pa kunyamaza.

Luther alilijua jambo hili. Katika waraka wake wa mwaka 1530 kuhusu kutafsiri, aliwaelekeza wanaotaka kusema Kijerumani wasiulize herufi za Kilatini, bali wamwulize mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni, na wawatazame vinywa vyao wanavyosema. Studio ya Moshi ilikuwa utekelezaji wa shauri hilo kwa vyombo vya umeme.

Gharama yake nayo isifichwe. Kanda inayosafiri haiwezi kuzungumza juu ya jambo la leo. Mvua iliyonyesha jana, ajali ya lori, msiba wa kijiji, yote haya yalikuwa nje ya uwezo wa kanda iliyorekodiwa siku nyingi kabla. Kwa hiyo Sauti ya Injili ilikuwa na lugha ya nyumbani bila siku ya nyumbani. Redio ya Dar es Salaam ilikuwa na vyote viwili, na hapo ndipo iliposhinda. Nasi leo, tulio na mitambo ya FM ndani ya mji ule ule tunaouhudumia, tumepata kile Addis Ababa ilichokikosa. Swali ni kama tunakitumia.

Ukosoaji wangu mwingine unahusu umbo la mahubiri yenyewe. Sisi tuliopita vyuo vya theolojia hufundishwa kuandika mahubiri yenye utangulizi, sehemu tatu na hitimisho, nayo yana mahali pake. Lakini msikilizaji wa redio anaingia katikati. Alikuwa anachota maji, hakusikia utangulizi. Anatoka kabla ya hitimisho kwa sababu mtoto analia. Tazama jinsi Bwana wetu alivyosema kando ya ziwa, mahali penye upepo na watu wanaokuja na kwenda. Mfano wa mpanzi ni mfupi, una vitu vinavyoonekana, na mtu anayesikia sehemu moja tu ya ule udongo ameondoka na kitu mkononi. Huo ni ufundi wa kusema na watu ambao wana hiari ya kuondoka. Hatuufundishi katika darasa la homiletiki kadiri inavyopasa.

5. Barua na vikundi

Kituo kile kilijuaje kwamba kinasikilizwa? Kwa sehemu kubwa kwa barua. Studio zilipokea barua, zikazihesabu, zikazijibu, na baadhi ya waandikaji wakaunganishwa na usharika ulio karibu nao. Kazi ya kujibu barua ilikuwa uchungaji wa kweli, na redio zetu nyingi leo hazina hata mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo.

Lakini barua ni kipimo chenye kasoro. Anayeandika barua ni yule ajuaye kusoma na kuandika, mwenye senti za stempu, na mara nyingi kijana wa shule anayetaka picha au kitabu. Bibi anayesikiliza kila jioni akikoboa mahindi hahesabiwi kamwe. Tena anayeandika kwa kawaida ni yule anayekubaliana nawe. Kituo kinachojipima kwa barua za marafiki zake kitaendelea kusema na marafiki zake hadi mwisho.

Kwa kulinganisha, tukumbuke kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 hapa Tanzania. Haikuwa kazi ya Kanisa. Ilikuwa kazi ya taifa katika elimu ya watu wazima. Wapangaji wake hawakutosheka kurusha vipindi na kungoja. Waliunda vikundi vya kusikiliza vijijini, kila kikundi na kiongozi wake aliyefundishwa, kitabu na redio. Watu walisikiliza pamoja, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Hapa tunaona ukweli ambao redio za kanisa zimechelewa kuuona: msikilizaji hapatikani angani, bali hupatikana akiwa na majirani zake. Nasi tuna jumuiya za nyumba kwa nyumba, tuna wainjilisti na wazee wa mitaa, yaani tuna vikundi vilivyokwisha kuundwa. Ni redio ngapi za kanisa zinazotayarisha kipindi cha dakika 15 kwa ajili ya jumuiya kukisikiliza pamoja na kujadiliana?

6. Machi 1977

Tarehe 12 Machi 1977 askari walikitwaa kituo. Jina likabadilishwa, na mitambo ile ile iliyowekwa wakfu kwa Injili ikaanza kutangaza kama Sauti ya Mapinduzi ya Ethiopia. Miezi mitatu baadaye Fungamano la Kilutheri lilikutana Dar es Salaam katika mkutano wake mkuu, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Hivyo mwaka ule ule Kanisa lilipoteza sauti yake kubwa Afrika na kumpa Mwafrika kiti cha mbele. Mwaka 1979 Gudina Tumsa alitekwa na kuuawa.

Mkosoaji wa leo ana kishawishi cha kusema kwamba kila kitu kilipotea. Mimi sioni hivyo. Kilichojengwa kwa kibali cha mfalme kilianguka pamoja na ulimwengu wa mfalme, na hilo ni onyo kwa kila kanisa linaloegemeza sauti yake kwenye fadhili za mkubwa mmoja, awe wa serikali au mfadhili wa nje. Lakini kile kilichojengwa katika studio za makanisa hakikuweza kutwaliwa kwa amri moja. Studio ya Moshi ilibaki. Watu waliofundishwa kazi walibaki. Baada ya sheria ya mwaka 1993 kufungua mlango wa redio zisizo za serikali hapa Tanzania, Moshi haikuanza kutoka mwanzo. Ilikuwa na miongo mitatu ya uzoefu, na leo Redio Sauti ya Injili inatangaza kwa mtambo wake yenyewe. Kilowati zilikwenda kwa wanajeshi, na sikio lililozoezwa likabaki kwa Kanisa.

7. Kosa langu mwenyewe

Nisiwahukumu waliotangulia bila kujihukumu. Miaka kadhaa iliyopita kituo kipya cha kanisa kilinipa nusu saa ya asubuhi, mara tatu kwa juma. Niliandika mahubiri kwa bidii. Ujumbe wa simu ulikuja mwingi, nami nikafurahi, mpaka nilipokaa kuutazama vizuri nikagundua kwamba karibu wote ulitoka kwa wachungaji wenzangu, wazee wa kanisa na wanakwaya.

Asubuhi moja, kipindi kikiwa kimerekodiwa, nilipita kwa mama mmoja auzaye uji na vitumbua karibu na stendi. Redio yake ilikuwa kwenye stesheni yetu, nyimbo za kwaya zikiendelea, na vijana wa bodaboda wakinywa uji wao kwa utulivu. Kipindi changu kilipoanza, akanyoosha mkono na kuhamia stesheni nyingine. Nikamwamkia, nikamwuliza, "Mama, mbona umehamisha?" Hakunijua. Akajibu bila ubaya wowote, "Baba, huyo anaongea na wenzake wa kanisani. Akimaliza nitarudi kwenye nyimbo."

Sijawahi kupata tahakiki ya kazi yangu iliyo fupi na ya haki kuliko hiyo. Hakusema kwamba nasema uongo, wala kwamba hampendi Mungu. Alisema tu kwamba sikuwa nikiongea naye. Nilikuwa nimesimama katikati ya stendi, nimewageuzia mgongo watu wote, nikizungumza na watu ambao tayari walikuwa ndani ya nyumba.

8. Pingamizi na jibu

Najua wapo watakaosema kwamba kuhesabu wasikilizaji ni kazi ya wafanyabiashara. Watataja Isaya 55: neno la Bwana halitarudi bure. Watakumbusha pia kifungu cha tano cha Maungamo ya Augsburg, kinachofundisha kwamba Roho Mtakatifu huumba imani mahali na wakati apendapo Mungu ndani ya wale wanaosikia Injili.

Nakubali yote hayo, na ndiyo maana nasisitiza tofauti ifuatayo. Kuamini ni kazi ya Roho; kusikika ni wajibu wetu. Kifungu kile kinatuondolea mzigo wa kuumba imani, mzigo ambao tusingeweza kuubeba, nao ndio unaowafanya baadhi ya wahubiri wa hewani wapige kelele na kuahidi miujiza kwa saa. Lakini hakituondolei mzigo wa kusema jambo linaloeleweka, kwa saa inayofaa, kwa mtu aliyepo. Kinasema juu ya wale wanaosikia. Ahadi ya Isaya ni juu ya neno la Bwana. Si bima ya uvivu wa mhubiri. Mpanzi hakujua ni mbegu gani itaota, lakini alitoka nyumbani akaenda shambani.

Ipo hatari ya upande wa pili, nayo nimeiona ikikua. Kituo kisicho na wasikilizaji hakina matangazo ya biashara, na kisicho na fedha huanza kuuza saa zake. Wanunuzi ni wale wenye mafuta, maji na vitambaa vya upako. Hivyo redio iliyoanzishwa ili kuhubiri neema inageuka usiku kuwa soko la baraka, na chombo cha Kanisa linalokumbuka mwaka 1517 kinauza tena kile Luther alichokataa kuuzwa. Kupata wasikilizaji kwa njia hiyo ni kushindwa kubaya kuliko kukosa wasikilizaji.

9. Hitimisho

Tumejifunza nini? Kwanza, kwamba anga haikuwa tupu mwaka 1963, wala si tupu leo, ambapo simu ya kila kijana ina sauti elfu. Pili, kwamba Addis Ababa ilikuwa sahihi kumheshimu msikilizaji akiwa mtu mzima mwenye shamba, mwili na nchi, ijapokuwa hesabu yake ilimgawa. Tatu, kwamba lugha na watu ni hazina inayodumu kuliko mtambo. Nne, kwamba kituo kinachosikiliza marafiki zake peke yao kimekwisha kufungwa hata kama taa yake inawaka.

Kwa wachungaji wenzangu na wanafunzi wa theolojia nina ombi moja tu. Kabla hujaingia studioni, nenda kwanza stendi, au sokoni, au kwenye foleni ya zahanati, ukae nusu saa bila kola yako, usiseme neno. Sikiliza watu wanazungumza nini na kwa maneno gani. Kisha rudi, uandike. Mimi bado ninajifunza kufanya hivyo. Nilipoanza tena kipindi, kwa dakika 10 badala ya 30, nilirudi kwa yule mama kunywa uji. Asubuhi ile hakuhamisha stesheni. Sikumwuliza kwa nini. Huenda mikono yake ilikuwa na unga.